Danieli naye alifanya mtihani: kwa vijana wanaotaka kuingia fakulte ya sheria, na kwa wazazi wao

Masomo: Danieli 1:3-20, Kutoka 18:13-23, 1 Wafalme 19:3-8



Toka Pasaka, barua zinazoletwa hapa redioni zinasema jambo moja: mitihani. Mama mmoja anaomba tumuombee binti yake ambaye halali tena usiku. Kijana anauliza kama ni dhambi kukosa mkesha wa Ijumaa ili apate kusoma. Baba mwingine anauliza kama afunge yeye au afunge mtoto. Na wengi wa watoto hao wanataka kitu kimoja, kusoma sheria, wawe mawakili au waamuzi. Ni tamaa nzuri. Mkoa wenye mashamba yanayogombaniwa hivi, na wajane wanaofukuzwa katika nyumba za mabwana zao waliokufa, unahitaji mawakili wanaomwogopa Mungu. Hata Paulo alikuwa na mwanasheria kati ya watu wake, Zena, tunamsoma katika Tito 3:13, na anaagiza asafirishwe vizuri asipungukiwe na kitu. Tumeona afadhali tuwajibu wote pamoja kwa karatasi hii, maana dakika kumi na tano za kipindi chetu hazitoshi.

Kwanza tuelewe mlango wenyewe, sababu wazazi wengi wanadhani ni mtihani wa siku chache tu. Hapa kwetu Kongo huwezi kuingia chuo kikuu bila diploma ya serikali, na diploma hiyo inatokana na Mtihani wa Serikali, ule sote tunaouita Exetat. Inatangulia orsesio: disertasio ya Kifaransa, mtihani wa Kifaransa wa mdomo, na mtihani wa vitendo kwa opsio zenye kuhitaji. Kisha inakuja sesio yenyewe, siku nne: elimu ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Pale mwanafunzi haandiki maneno marefu, anachagua jibu kati ya majibu yaliyokwisha kupangwa. Kufaulu kunaanzia asilimia 50. Baada ya hapo watu wanangoja matokeo kwa majuma. Na kwa yule anayetaka sheria safari haijaisha, kwa maana vyuo vikuu mbalimbali vinaweka tena mtihani wao wa kuingia, konkuru. Aliyesoma latini-filozofia, aliyesoma pedagojia, aliyesoma biashara, wote wanaweza kugonga mlango wa sheria, na kwa hiyo wanaogonga ni wengi.

Basi mtoto anakaa chini ya mzigo huu kwa miezi, kutoka orsesio mpaka konkuru. Mtu anayekimbia mbio za miezi kama anayekimbia kutoka hapa hadi barabarani ataanguka njiani. Na akishaingia, sheria yenyewe ni masomo ya miaka kama mitano. Kwa hiyo anachojifunza sasa kuhusu mwendo atakihitaji muda mrefu.

Danieli 1 tunaihubiri sana katika makanisa yetu, lakini tunapenda kuanzia mstari wa 20, pale mfalme anapowaona vijana wale wanne kuwa bora mara kumi kuliko waganga wote wa ufalme wake. Tunapiga vigelegele. Lakini mstari wa 5 unasema nini? Unasema walifundishwa miaka mitatu. Mstari wa 4 unasema walijifunza maandiko na lugha ya Wakaldayo, lugha isiyo ya mama zao, kama vile sisi tunavyofanya mtihani kwa Kifaransa. Mstari wa 17 unasema Mungu ndiye aliyewapa maarifa. Halafu mstari wa 18 na wa 19, siku zilipotimia, wakaletwa mbele ya Nebukadreza, naye akasema nao mwenyewe. Ule ulikuwa mtihani wa mdomo, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kukata vichwa! Miaka mitatu ya kusoma na neema ya Mungu vilikwenda pamoja, na hakuna kilichochukua nafasi ya kingine.

Stresi inafanya nini ndani ya mwili

Wengine wakisikia moyo wa mtoto unapiga mbio kabla ya mtihani, wanasema ni roho ya woga, tuikemee. Tusikimbilie huko. Mungu aliumba mwili ukiwa na namna ya kukabili hatari. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Mtu akiona hatari, tezi hizo zinamwaga katika damu vitu viwili, adrenalini na kortizoli. Moyo unakwenda haraka, damu inakimbilia misuli, tumbo linakataa chakula, mikono inatoa jasho. Ni msaada kwa mtu anayekutana na simba, na tunaamini Daudi aliuhisi alipomfuata yule simba aliyebeba mwana-kondoo. Shida ni kwamba mwili hautofautishi vizuri simba na karatasi ya hesabu.

Stresi kidogo inafaa. Mwaka 1908, huko Marekani, watu wawili wanaoitwa Yerkes na Dodson walijaribu panya waone wanajifunza namna gani chini ya msukumo. Kwa kazi ngumu, msukumo wa kiasi ulisaidia, lakini ulipozidi, panya walijifunza polepole zaidi. Baadaye wataalamu wa saikolojia wakaitumia kanuni hiyo kueleza watu pia, na mwalimu yeyote ameiona kwa macho yake: mwanafunzi asiyejali kabisa hasomi, na mwanafunzi anayetetemeka anasoma ukurasa mmoja mara tano bila kushika neno.

Mbona anatetemeka na anasahau hata alichokijua jana? Akili ina mahali padogo pa kufanyia kazi, kama meza ya fundi. Unapotafuta jibu unaweka mezani swali, kanuni, na tarakimu zako. Hofu nayo ikija inakaa juu ya meza hiyo hiyo: baba atasema nini, minervale ililipwa kwa shida, mtoto wa jirani alifaulu. Hakuna nafasi tena. Ulichosoma kingali ndani, lakini hakipati mahali pa kutokea.

Dawa ya karibu ni pumzi. Vuta hewa polepole kwa kuhesabu hadi nne, itoe polepole zaidi, kwa kuhesabu hadi sita au saba. Rudia mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoa inaupunguzia moyo mwendo, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Wengine wetu huogopa tukisema mambo ya pumzi, wanadhani ni dini za mashariki. Pumzi alitupa Mungu katika Mwanzo 2, tusiwaachie wengine. Na ukiitoa pumzi hiyo ukimtajia Bwana yale yanayokusumbua, moja moja, kwa majina yake, umefanya alichoandika Paulo katika Wafilipi 4:6. Wengine inawasaidia kuandika hofu zao kwenye karatasi kabla ya kusoma. Ni vizuri vilevile. Kilichoandikwa kinapunguza msongamano mezani.

Mana ya kila siku

Mjerumani mmoja, Ebbinghaus, aliandika kitabu mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, halafu akapima amebaki na ngapi. Akakuta zaidi ya nusu ya alichokikariri kinatoroka ndani ya siku ya kwanza. Silabi zisizo na maana zinatoroka haraka kuliko somo lenye maana, ni kweli, lakini kila mwanafunzi anajua jambo hili. Tena akakuta kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali kunashika kuliko kurudia mara nyingi kwa siku moja. Kwa hiyo anayesoma saa tisa mfululizo Jumamosi na kupumzika wiki nzima amechoka bure.

Waisraeli jangwani waliokota mana ya siku kwa siku. Aliyejiwekea nyingi ili asihangaike kesho aliikuta ina mabuu. Masomo ni hivyo. Saa moja kila asubuhi inashinda usiku mmoja mzima.

Jambo la pili watu hawalijui sana. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke, wataalamu wa Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja likasoma na kusoma tena. Kundi lingine likasoma, kisha likafunga karatasi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokuwa mbele. Mtihani wenu hauji baada ya dakika tano. Basi acheni kupitisha macho juu ya daftari mkisema tumemaliza. Funga daftari, mweleze mdogo wako sura hiyo, au uandike nyuma ya karatasi unachokumbuka, halafu fungua uone pengo liko wapi. Chukua itemu za miaka iliyopita, zifanye kwa saa, bila telefone karibu.

Tunajua hali ya nyumba zetu. Tumchukue dada wa mwaka wa mwisho. Saa kumi na moja alfajiri anakwenda kuchota maji, akitoka shule anamsaidia mama sokoni, usiku umeme haupo. Kumwambia asome saa sita kwa siku ni kumdanganya. Ana saa mbili, labda tatu. Zigawe: dakika 45, kisha asimame, anywe maji, anyooshe miguu dakika kumi, kisha arudi. Somo gumu liwekwe alfajiri wakati kichwa ni chepesi, somo jepesi jioni. Jumapili aache vitabu. Bwana alipotoa mana aliweka siku ya kupumzika ndani ya mpango, hakungoja watu waanguke kwanza.

Kwa anayelenga sheria tunaongeza shauri moja. Katiba yetu ya 2006 ina vifungu 229. Ukisoma vitatu kwa siku na kupumzika Jumapili, unaimaliza kwa muda kama wa miezi mitatu. Kila siku andika mistari kumi ya Kifaransa ukieleza ulichosoma. Umejiandaa kwa elimu ya jumla, umejiandaa kwa disertasio, na ukifika konkuru hutakuwa mgeni. (Soma angalau kifungu cha kwanza hata kama huendi kusoma sheria. Kiswahili chetu kimeandikwa humo kati ya lugha nne za taifa.)

Hapa tuseme jambo ambalo viongozi wa kwaya hawatalifurahia. Mtoto anayefanya mazoezi ya kwaya mara tatu kwa wiki, anayepanga viti Jumamosi, anayefundisha watoto Jumapili, na ambaye ni finalisti, amebebeshwa kupita kiasi. Yethro alimkuta Musa akiamua kesi za watu kutoka asubuhi mpaka jioni, akamwambia waziwazi kwamba si vizuri, atachoka yeye na watu wake pia. Musa hakusema mkwewe hana imani. Alisikia, akagawa kazi. Basi tunaomba kila idara iwaachilie finalisti mpaka mitihani ipite, na wasihesabiwe kuwa wamerudi nyuma. Soprano watapungua, tunajua. Bwana atatuvumilia.

Kufunga na mkesha

Sasa tuje kwenye maswali yaliyoletwa na wengi. Sisi ni Wapentekoste, tunaamini maombi, tunaamini kufunga, na hakuna anayetuzuia. Lakini tunapaswa kuelewa tunachofanya.

Ubongo ni sehemu ndogo ya mwili, karibu sehemu mbili kwa mia ya uzito wetu, lakini unatumia karibu sehemu ishirini kwa mia ya nguvu zote za mwili. Nguvu hizo zinatoka katika chakula. Na usingizi si uvivu: wakati umelala, ubongo unapanga na kukaza ulichojifunza mchana. Mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani amekata kazi hiyo katikati. Kijana wa umri huo anahitaji saa nane za usingizi, hata zaidi. Mtoto anayefunga bila chakula wala maji siku tatu, akakesha usiku, halafu saa moja asubuhi anaingia senta ya mtihani, ameingia akiwa mgonjwa. Akianguka, watu watasema imani yake ilikuwa ndogo. Hilo tunalikataa.

Mtu atatuambia: Esta je? Alifunga siku tatu bila kula wala kunywa. Ndiyo, soma vizuri. Wayahudi wote wa Shushani walifunga pamoja naye, na siku ya tatu alivaa mavazi ya kimalkia akaenda mbele ya mfalme, kisha akaandaa karamu. Tena Esta hakwenda kujibu hesabu na sayansi siku nne mfululizo. Na Danieli mwenyewe je? Siku kumi alikula mboga na kunywa maji. Alikula! Mstari wa 15 unasema nyuso zao zilikuwa nzuri, na miili yao imenenepa kuliko wengine. Alikataa chakula cha mfalme kwa sababu ya unajisi. Kujidhoofisha kabla ya kupimwa hakukuwa nia yake.

Basi huu ndio msimamo wetu. Finalisti akitaka kufunga, afanye hivyo wiki mbili au tatu kabla, akunywe maji, na kufunga kwake kuishe mapema. Wiki ya mtihani ale: uji, ndizi, maharagwe, mayai kama yako, sombe na ugali, bila kujaza tumbo asubuhi. Wazazi ndio wafunge wiki ile. Baba aliyetuandikia, jibu lako ni hili: ufunge wewe. Mkesha wa Ijumaa inayotangulia mtihani, finalisti wabaki nyumbani walale, na sisi tutakesha kwa ajili yao. Kijana aliyeuliza kama ni dhambi: si dhambi.

Tumuangalie Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii aliyeshusha moto amechoka, anaogopa, anaomba afe. Malaika anakuja. Hakumkemea, wala hakumpa ujumbe mrefu. Akamgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akampa tena chakula, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilikuwa kubwa kwake. Mungu alianza na mkate na usingizi. Maneno yalikuja baadaye, Horebu.

Na kuhusu mafuta. Kuna watu wanaopita wakipaka biki za wanafunzi mafuta kwa dola tano, kwa dola kumi, wakiahidi kwamba biki itaandika yenyewe. Yakobo 5 inasema mafuta ni kwa wagonjwa, na hakuna bei iliyoandikwa pale. Sisi tutawawekea vijana mikono na kuwaombea, bure. Mzazi aliye na dola tano amnunulie mtoto biki mbili nzuri, maji ya kunywa, na nauli ya kufika senta mapema.

Siku yenyewe

Mwendo ndani ya chumba ni hesabu. Tuseme wamekupa saa mbili na itemu thelathini. Ukigawa zote unapata dakika nne kwa kila moja. Lakini weka kando dakika ishirini za mwisho kwa kukagua: zimebaki mia moja, yaani dakika tatu na kidogo kwa itemu. Basi itemu ikikula dakika tano, iache, iwekee alama, nenda mbele. Pita kwanza ukijibu unazozijua. Zile rahisi zinapunguza moyo mwendo, na wakati unazijibu akili inaendelea kutafuta ile ngumu chinichini. Rudi baadaye.

Angalia seri yako na namba yako mara mbili kabla ya kuandika chochote. Ukiruka itemu, ruka pia mstari wake kwenye karatasi ya majibu. Wako watoto wenye akili walioanguka kwa sababu jibu la itemu ya saba walilijaza penye sita, na mengine yote yakafuata. Soma maelezo juu ya karatasi: kama jibu baya haliondoi pointi, usiache itemu hata moja tupu. Kama linaondoa, jaza pale ulipofuta angalau mawili kati ya majibu uliyopewa.

Ukitoka nje usisimame na wenzako kulinganisha majibu. Siku ile imeshakwenda. Nenda nyumbani, kula, lala saa moja, pitia kwa wepesi somo la kesho, na saa tatu usiku uwe kitandani. Bwana alisema katika Matayo 6 kwamba kila siku ina taabu yake ya kutosha, na yule aliyetoka katika lugha akibeba sayansi ya jana anabeba mbili.

Kuna mzigo mwingine unaoongeza stresi kuliko yote, nao ni udanganyifu. Majibu yanauzwa kwa WhatsApp usiku, watu wanachangishana ili kumpa mtu fulani. Tuache kwa muda kidogo swali la dhambi, ambalo ni wazi. Mwanafunzi aliyeweka tumaini kwa majibu ya kununua hasomi tena. Usiku halali, anangoja telefone ilie. Asubuhi hajui kama majibu ni ya seri yake. Ndani ya chumba anaogopa msimamizi, na karatasi yake inaweza kufutwa. Amelipa pesa ili apate hofu mara tatu. Halafu anataka kuwa mwamuzi. Mjane atakayesimama mbele yake na shamba lake, atahukumiwa na nani?

Wazazi na matokeo

Wazazi, mara nyingi stresi ya mtoto inatoka kinywani mwenu. Acheni kumwambia kila jioni kwamba pesa zote za nyumba zimeishia kwake. Anajua, alikuona ukiuza mbuzi. Acheni kumlinganisha na binamu yake aliye Kinshasa. Punguzeni kazi zake za nyumbani wiki sita tu, na wavulana nao wachote maji.

Mwangalieni pia. Kukosa usingizi usiku mmoja kabla ya mtihani ni kawaida. Lakini mtoto akipita wiki mbili halali, hali, analia bila sababu, anajitenga, anashtuka usiku kwa mambo ya risasi aliyoyaona, au anasema afadhali afe, mpelekeni kwa muuguzi au daktari siku ileile, na msimwache peke yake. Tutamuombea kabla ya kwenda na tutamuombea akirudi. Kumpeleka hospitali hakumvunjii Mungu heshima, Luka alikuwa daktari na alitembea na Paulo.

Matokeo yakitangazwa mtaa mzima utajaa kelele, vijana watamiminiwa pudra kichwani, na redio yetu itacheza nyimbo mchana kutwa. Ni haki yao. Lakini siku hiyohiyo, katika nyumba nyingine, kuna mtoto amejifungia chumbani. Exetat inarudi mwaka unaofuata, na aliyeanguka anaruhusiwa kuifanya tena. Tumewapa mashemasi kazi ya kutembelea kwanza nyumba hizo, kabla ya kwenda kwenye pudra. Asiulizwe asilimia ngapi. Waende na sukari au mkate, wakae naye, wale pamoja.

Maombi ya finalisti wote yatafanyika Jumapili mbili kabla ya sesio, baada ya ibada ya kwanza, na saa sita watakuwa wamerudi nyumbani. Kutoka Jumatatu hii, chumba cha watoto nyuma ya kanisa kitafunguliwa kwa wanaotaka kusoma, Jumatatu hadi Jumamosi, saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili na nusu usiku. Taa ya jua ipo. Si lazima uwe wa kanisa letu. Njoo na maji yako ya kunywa, na kama una kiti kilete, maana mabenchi hayatoshi. Wasichana wanaokaa mbali watasindikizwa na mama wa zamu.